Weka Mkono Kwenye Tangi

9 Februari

Kwako mpwa wangu, daktari wa ng'ombe,

Salamu zikukute umekaa, maana ukisoma umesimama unaruka mistari. Huku sote wazima. Mama yako bado yuko kwenye cherehani yake, na kila mteja anaambiwa kwamba binti yake ni daktari. Mteja akiuliza daktari wa nini, dada yangu anapima kiuno cha mtu upya. Mkaza mjomba wako hajambo. Mimi nipo. Kitambi kinatangulia, mimi nafuata.

Habari mpya ni mbuzi. Jirani yetu mshona viatu amesafiri kwenda kukaa na binti yake, ameniachia mbuzi jike. Anasema tulikubaliana vizuri pale uani, nikatikisa kichwa, nikatabasamu. Mimi sikumbuki kitu. Lakini mtu aliyetabasamu atakataa vipi? Basi mbuzi amefungwa nyuma ya karakana, ananitazama kama mteja aliyeahidiwa kesho.

Sasa jambo lenyewe. Ile pikipiki yangu nyekundu nampa dereva wa lori la mbao akuletee. Uliandika kwamba uko kwenye miezi ya majaribio, na usipowafikia wafugaji kule juu kazi atapewa mwingine mwenye miguu mirefu. Hiyo ndiyo miguu. Mimi sina haja nayo tena, kwa sababu mwisho wa mwaka nafunga karakana. Mgongo, mpwa wangu. Kuinama nainama, kuinuka ndiko kunakohitaji kamati. Muuza magodoro anayekitaka chumba ameshakuja kukipima.

Ikikusumbua, andika. Usipige simu, yangu imekufa spika. Dereva atakuwa anatuletea barua, ni mtu mwaminifu ingawa anaendesha kama aliyebeba mayai.

Mjomba wako,
Masikio


3 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mwambie mama nimepata magauni, yote yananitosha isipokuwa lile analosema litanitosha. Mimi mzima, ila goti la kulia linauma, na sababu utaicheka.

Pikipiki ilishushwa mbele ya ofisi, wafugaji wamekusanyika. Nikavaa kofia, nikapiga kiki. Kimya. Nikapiga tena. Nikapiga mpaka soli ya kiatu ikaachana na kiatu. Mzee mmoja akasema, "Daktari, labda naye anataka chanjo." Ndipo nikaona koki ya mafuta imefungwa. Uliifunga wewe isimwage ndani ya lori, ukasahau kuniambia. Nami niliyekulia kwenye kopo la oili katika karakana yako nikasahau kutazama. Tugawane aibu nusu kwa nusu.

Nashukuru, mjomba. Sina namna nyingine ya kuliandika. Wiki hii nimefika kwenye maboma ambayo mwenzangu aliyenitangulia hakuwahi kufika. Nimefunga sanduku la barafu la chanjo nyuma ya kiti, nikapita kwa kifua mbele.

Lakini ina tabia. Inakwenda vizuri kwa mwendo mrefu, kisha inalegea, inakohoa, inazimika. Nikikaa kando ya njia kidogo nikinung'unika, inawaka tena kama hakuna kilichotokea. Jana ilinifanyia hivyo huku barafu inayeyuka. Chanjo ikipata joto ni ya kumwaga, na msimamizi wangu hana simile.

Na hili la kufunga karakana silielewi. Wewe ndiye uliyekuwa unakaa kwenye benchi na chai yako, pikipiki inapita barabarani, unasema bila kuinua macho, "Huyo valvu zimelegea." Ndiyo maana mji mzima unakuita Masikio. Tangu lini mgongo ukamshinda mtu anayefanya kazi amekaa?

Mpwa wako


28 Machi

Mpwa wangu,

Marahaba, na pole kwa goti. Barua imechelewa kwa sababu lori lilikatika ekseli, dereva akalala kwa shemeji yake mpaka shemeji akachoka. Mama yako anauliza gauni gani hilo. Sikumjibu, mimi bado naipenda roho yangu.

Kuhusu kuzimika. Itakapokufanyia tena, usishuke kunung'unika. Fungua kifuniko cha tangi. Ukiona kama tangi linavuta pumzi, na pikipiki ikawaka palepale, basi ugonjwa ni huo: mafuta yanashuka lakini hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Kifuniko kina tundu dogo la kupumulia. Tazama kama limezibwa na vumbi, au na mtu.

Kama si hilo, ng'oa plagi uitazame ncha yake. Ikiwa kavu na nyeupe, mafuta hayafiki. Ikiwa imelowa na inanuka petroli, yanafika kupita kiasi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, irudishe mahali pake na uiombe msamaha.

Karakana niachie mwenyewe. Nilisema mgongo, lakini kusema kweli ni magoti. Muuza magodoro amekuja tena na futi yake ya kupimia.

Mbuzi hali vizuri. Anasimama ameelekea ukuta kama aliyetumwa pembeni na mwalimu. Nikimuuliza ana nini hanijibu. Mwenyewe akirudi akute mzoga nitauweka wapi uso huu? Wewe ndiye mtaalamu, niambie fundi afungue boliti ipi.

Mjomba wako,
Masikio


20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Umenishika. Alikuwa ni mtu, na mtu huyo ni mimi. Ng'ombe wa kule juu wanapiga chafya, na vumbi ni la kukata kwa kisu, kwa hiyo nilikivika kifuniko cha tangi mfuko wa nailoni na kuubana kwa mpira wa nywele, kwa upendo. Nilikuwa nainyonga kwa upendo. Nimeutoa, nimesafisha tundu, haijazimika tena. Asante. Siku hiyohiyo nilimaliza boma la mwisho barafu ikiwa bado barafu.

Sasa mgonjwa wako. Mjomba, mnyama hasemi, na ukisubiri aseme atakufa amekunyamazia. Usimuulize. Mchunguze hivi: vuta mdomo wa chini utazame ufizi, uwe na rangi ya waridi, ukiwa mweupe kama karatasi ana minyoo au anapoteza damu. Weka kiganja ubavu wa kushoto nyuma ya mbavu, ukandamize taratibu. Tumbo likiwa linafanya kazi utalihisi likijikunja kila baada ya muda, kama mtu anayegeuka kitandani. Nusa pumzi yake. Shika masikio kama yana joto. Kisha weka mkono chini ya tumbo upande wa kulia, utulie. Mkono ukitulia unaona mengi. Niambie ulichokuta.

Jingine: nilipanda kwenye kilima nyuma ya tangi la maji, ambako simu inashika, nikakupigia. Akapokea mkaza mjomba, na spika yako iliyokufa nikaisikia ikifanya kazi kama redio. Akasema umelala. Nyuma yake nikakusikia unamwambia mbuzi aondoke kwenye spana zako. Sikuuliza. Naandika tu kwamba nilisikia.

Pikipiki inavuta kushoto. Nikilegeza mikono kidogo inataka kwenda kuwasalimu watu wa upande ule. Ilianza baada ya mimi mwenyewe kukaza cheni.

Mpwa wako


17 Mei

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku wazima, na tunaongezeka. Nilivuta mdomo: waridi. Ubavu wa kushoto: unageuka kitandani kama ulivyosema. Nikaweka mkono chini upande wa kulia, nikatulia, na kitu kikanipiga teke kiganjani. Mpwa wangu, nilikaa chini. Nimeshika injini miaka yote hii, hakuna iliyowahi kunipiga teke kutoka ndani. Jirani ameniachia mbuzi wawili au watatu kwa bei ya mmoja. Nikaenda kumwambia mkaza mjomba wako, akaja naye akaweka mkono, tukabaki pale kama wajinga wawili. Asante, daktari. Dada yangu ana haki ya kuwatambia wateja.

Kuvuta kushoto. Ulipokaza cheni ulilegeza nati ya ekseli ya nyuma, ukakaza skrubu za kurekebishia, moja kila upande. Hapo kwenye mikono inayoshika tairi kuna alama zimechongwa. Hesabu kulia, hesabu kushoto. Nakula kiapo hazilingani. Ulikaza upande ulioko karibu na mkono wako. Tairi limekaa mshazari, na pikipiki inafuata tairi lake. Zilinganishe, kisha cheni uiachie iinuke kidogo kwa kidole, isiwe kama kamba ya nguo za harusi. Tazama pia upepo wa tairi la mbele, na hilo sanduku la barafu lisogeze mbele, liegemee mgongo wako. Mzigo ukikaa nyuma sana, mbele kunakuwa kwepesi na usukani unaanza kucheza.

Simu ni habari ndefu. Na karakana naifunga kwa sababu pikipiki za siku hizi ni nyaya tupu, zinataka kijana. Muuza magodoro anataka jibu kabla ya Novemba.

Mjomba wako,
Masikio


22 Juni

Mjomba,

Shikamoo, na hongera kwa ujauzito. Mpe chumvi ya kulamba na maji safi, na umwachie nafasi ya kulala. Mama nimempata kwa simu, tumegombana kuhusu gauni, kwa hiyo yuko salama.

Alama zilikuwa hazilingani. Sasa inanyooka kama mstari wa daftari. Juzi msimamizi wangu alipanda nyuma tukaenda naye mpaka juu kabisa. Aliposhuka alisema, "Pikipiki hii ina mwenyewe." Nikamwambia ndiyo, ana kitambi.

Sasa nakuandikia la mwisho, natumaini, na nitaliandika kama ulivyonifundisha. Ulikuwa unanikalisha kwenye kopo unasema: kwanza sikiliza, spana baadaye. Basi nimesikiliza. Nikipanda mlima, injini inapandisha sauti lakini mwendo haupandi. Mlio ni wa juu, mwembamba, kama cherehani ya mama akiwa na hasira. Hakuna mgongano wala kengele. Unapanda, unapanda, mimi niko palepale na mbuzi wa watu wananipita. Nikirudi tambarare sauti inashuka, inakuwa ile yake ya kawaida ya kuguna. Nimesimama kando ya njia mara nyingi nikiisikiliza ili nikueleze vizuri. Niambie umeusikia.

Mpwa wako


15 Julai

Mpwa wangu,

Marahaba. Tunaendelea vizuri, mbuzi amekuwa mpana kuliko mlango. Mama yako ameanza kumshonea kitu, nimemkataza.

Ukishafika juu ya mlima, simama, uiname karibu na injini upande wa klachi, unuse. Kuna harufu kama ya mpira uliosahauliwa juu ya jiko? Kisha shika mkono wa klachi kwa vidole viwili, uuvute kidogo tu. Je, kuna nafasi ndogo ya bure kabla waya haujaanza kuvuta, au unavuta papo hapo? Na tatu, unapoendesha, vidole vyako vya kushoto vinakaa wapi?

Ukipata harufu na hakuna nafasi, klachi inateleza. Legeza waya mpaka uwe na mchezo kidogo. Na kama vidole vyako vinalala juu ya klachi njia nzima, hapo umejipata mwenyewe. Iachie. Ikiwa bado inateleza, sahani za ndani zimekwisha. Dereva atakuletea mpya kutoka kwenye kabati langu, maana mimi sitazihitaji.

Ni hayo tu.

Mjomba wako


19 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Mimi mzima. Nimekawia kwa sababu kwanza nilikuwa njiani, kisha nilikuwa nafikiri.

Harufu ipo. Nafasi haikuwepo. Na vidole, mjomba, ndivyo vyenyewe. Nilikuwa nashikilia klachi nusu kila penye shimo ili pikipiki isiruke na chupa za chanjo zisigongane. Dereva gani mwingine duniani anaunguza klachi kwa kuhurumia chupa? Nimezifungia chupa kwenye matambara, vidole nimevirudisha kwenye mshikio, waya nimeulegeza. Inapanda. Na majaribio nimepita: tangu mwezi huu nimeajiriwa moja kwa moja. Karatasi ina jina langu, lakini wewe unajua nani aliyenifikisha.

Ndiyo maana nitasema hili, nawe utanivumilia.

Nilikuandikia ukurasa mzima wa mlio. Hukuujibu hata kwa neno moja. Hukuwahi kuniuliza mlio, tangu Februari: umeniuliza rangi, harufu, mkono, alama, vidole. Nikatoa barua zako zote nikazipanga kitandani. Barua ya kwanza unafunga kwa sababu ya mgongo, ya pili magoti, ya tatu nyaya. Simu haitakiwi, na spika ni nzima. Ulikubali mbuzi wa mtu kwa kutikisa kichwa. Na ya mwisho hukuiandika "Masikio".

Ng'ombe akija kwangu na dalili hizo zote, siulizi mara mbili. Mjomba, husikii vizuri. Labda ni muda sasa. Na umeona heri karakana iwe na magodoro kuliko mteja akuone umeinama juu ya injini huijui inasema nini.

Sikuonei huruma, nina kazi nyingi. Nakuomba tu mambo mawili. Nenda hospitali, mkaza mjomba akushike mkono kama utabisha. Na ufikirie: wagonjwa wangu hakuna hata mmoja anayesema, na bado nawatibu. Wewe umenitibia pikipiki miezi yote hii, na hukuisikia.

Wako anayekushukuru,
Mpwa wako


14 Oktoba

Mpwa wangu,

Marahaba, na hongera mara nyingi kwa kuajiriwa. Mama yako amefunga chumba cha kushonea siku nzima kwa furaha, wateja wakakuta mlango umefungwa na sauti yake inaimba ndani. Hivyo ndivyo nilivyoambiwa. Mimi niliona mdomo unakwenda.

Barua yako nilikaa nayo. Kwanza nilikasirika, kisha nikamwonyesha mkaza mjomba wako ili akasirike nami. Akaisoma, akaikunja, akaandika kwa kidole kwenye vumbi la meza: "Hatimaye." Kumbe nilikuwa namficha mtu ambaye kwa mwaka mzima ananiamsha kwa kunibana pua.

Hospitali nimekwenda. Sikio la kushoto limeshaaga, la kulia linafungasha mizigo. Injini zenyewe ndizo zilizolichukua. Tulikaa pamoja muda mrefu mno. Watanipa kifaa, lakini daktari amenitahadharisha kwamba kitanisaidia na watu kuliko na pikipiki. Nikamwambia basi hakuna faida, akacheka. Nadhani alicheka.

Nakuandikia hasa kwa ajili ya sentensi yako ya mwisho. Niliisoma nikaona unanibembeleza tu. Kesho yake mama muuza maziwa akasukuma pikipiki yake mpaka mlangoni. Akaeleza kwa kirefu. Nikatikisa kichwa kama kawaida yangu, nikainama, nikasubiri injini iniambie. Haikuniambia kitu. Nikafikiria godoro la kuweka pale. Kisha nikawaza: hii na ile yako zina tofauti gani? Yako iko mbali siisikii, hii iko mbele yangu siisikii. Mpwa wangu angekuwa ameniandikia barua, ningemuuliza nini?

Nikaanza kujiuliza yale niliyokuwa nikikuuliza wewe. Nikaweka kiganja nyuma ya bomba la moshi: pumzi inakuja, inakuja, inaruka moja. Nikang'oa plagi: nyeusi, imelowa. Nikanusa. Hewa haiingii. Nikafungua chujio la hewa nikakuta nyumba ya panya, na mwenye nyumba yumo. Mama muuza maziwa alipiga yowe ambalo, asante Mungu, sikulisikia.

Tangu siku hiyo nimeweka ubao mlangoni na chaki. Mteja anaandika mgonjwa ana nini. Utashangaa, watu wakiandika wanasema kweli kuliko wakiongea, mmoja aliandika, "Iliangushwa na shemeji lakini usimwambie." Nikitaka kujua cha ndani, naweka ncha ya bisibisi kwenye injini na mpini naubana kwa meno. Mtetemo unakuja mpaka kwenye fuvu, si mlio wa zamani lakini ni habari. Watoto wa jirani wanasema naonja pikipiki. Na kwa kuwa nanusa kila kitu, mji umenivua jina langu la zamani. Sasa naitwa Pua. Pua yenyewe unaijua, umeirithi, kwa hiyo usicheke sana.

Muuza magodoro nimemwambia hapana. Alijibu kwa maneno mengi, na kwa mazoea nikatikisa kichwa. Siku iliyofuata likaletwa godoro la sita kwa sita. Mkaza mjomba wako hataki lirudishwe.

Mbuzi amezaa mapacha. Mshona viatu amerudi, akasimama mlangoni akawatazama, akanitazama. Ameniachia mmoja. Safari hii niliomba aandike ubaoni kabla sijakubali.

Nilikupa pikipiki kama mtu anayegawa nguo za marehemu, mpwa wangu, na marehemu ni mimi. Wewe ukawa unanirudishia kila mwezi, kipande kimoja kimoja, mpaka nikawa fundi tena. Hukujua, na mimi sikujua. Asante.

Desemba uje nyumbani nayo, siyo kwa lori, uiendeshe. Ukifika usipige honi, utawasumbua majirani bure. Ingia nayo mpaka ndani ya karakana na usiizime. Nitakuwa nimeinama, sitajua kama umefika. Nishike mkono, uuweke kwenye tangi, kisha usiseme kitu. Nitakwambia mwenyewe kama umeitunza.

Mjomba wako,
Pua